Mipira ya hita ya nyuma kwenye HiAce ya kulala: nibadilishe yote au ule unaovuja tu?

Kambi_Ngong

Wadau, naomba ushauri wa wanaojua. Gari ni Toyota HiAce KDH201, dizeli ya 1KD, limegeuzwa gari la kulala: kitanda nyuma, jiko, betri ya pili chini ya benchi, inveta. Hita ni mbili, ya mbele kwenye dashibodi na ya nyuma chini ya kiti. Mipira yote ya hita ndiyo ile iliyokuja na gari kutoka Japani, haijawahi kuguswa.

Mpira mmoja wa kwenda nyuma unatoa jasho pale unapovaa bomba la chuma chini ya sakafu. Kuna ukoko wa waridi umekauka kuzunguka klipu, na asubuhi nakuta tone moja au mawili kwenye simiti. Injini ikipata moto panakauka. Kwenye chupa ya akiba kulanti (maji ya kupozea injini) inashuka kama upana wa kidole kwa mwezi. Geji ya joto haijapanda hata siku moja.

Je, nibadilishe huo mmoja au yote? Ninunue mpira gani na wa kipimo gani? Fundi mmoja ameniambia tuikate hita ya nyuma, tuunganishe mipira miwili kwa bomba fupi, basi. Lakini hili gari hulala Nyahururu na Kinangop, kwa hiyo hita naihitaji.

---

Fundi_Grogan

Badilisha yote, kaka, na klipu zake. Kazi kubwa hapa ni kumwaga kulanti, kufika kwenye jointi zilizofichika na kutoa hewa baadaye. Ukishafanya hayo kwa mpira mmoja, umeyafanya kwa yote. Mipira mingine ina umri uleule na imepikwa kwenye joto lilelile.

Halafu usiamini sura ya nje. Mpira wa hita huoza kutoka ndani, hasa kwenye ncha. Injini ikiwa baridi kabisa, bana mpira katikati kwa kidole gumba na cha shahada, kisha bana tena sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye klipu. Mpira mzima hubonyea sawasawa kote. Uliooza unalegea kwenye ncha, na ukibana utasikia kama kijifereji kinafunguka chini ya kidole. Ukiupasua kwa wembe utaona nyufa nyembamba ndani, zimelala kwa urefu wa mpira, wakati nje bado ni mweusi na laini. Ufa ukishafika kwenye nyuzi zilizofumwa katikati ya mpira, kulanti hutembea kwenye nyuzi na kutokea mbali na mahali ulipoanzia. Ndiyo maana watu hukaza klipu isiyo na kosa.

Ukinunua, angalia maandishi ubavuni. Unataka mpira wa EPDM ulioandikwa SAE J20R3, ambao umetengenezwa kwa kulanti ya moto. Pale Kirinyaga Road mpira hukatwa kwa mita, na rola la mpira wa mafuta hukaa jirani na la hita, yote meusi. Mpira wa mafuta haukutengenezwa kwa kulanti ya moto: unakauka, unakuwa mgumu na kupasuka. Na wa hita usiuweke kwenye mafuta, utavimba kama mkate kwenye chai. Ule wa plastiki wenye nyuzi zinazoonekana hautakiwi hata kwa dharura ya kutoka Naivasha hadi mjini, kwa sababu unalainika na kuchomoka kwenye jointi.

Kipimo usibahatishe. Mipira ya hita kwa kawaida ni ya tundu la milimita 16 au 19, na gari moja linaweza kuwa na vyote viwili. Pima bomba la chuma kwa kalipa, si mpira wa zamani, kwa sababu ule umeshatanuka. Mpira wa 19 ukiufunga kwa nguvu kwenye bomba la 16 unajikunja, na kila mkunjo ni njia ya maji. Mahali vipimo vinapokutana, tumia jointi ya shaba yenye ncha mbili tofauti.

Ile mifupi yenye kona iliyoumbwa kiwandani, nunua iliyoumbwa hivyohivyo. Mpira wa mita ukiulazimisha kwenye kona kali unabonyea katikati, na siku ya kwanza kila kitu kitaonekana sawa, ila hita haitapata moto.

---

Mama_Solar

Naongeza jambo ambalo kwenye magari ya kulala husahaulika. Umesema una betri ya pili na inveta. Hakikisha umeme haupiti kwenye kulanti yako.

Waya wa hasi ukifungwa vibaya kwenye bodi, juu ya rangi au kutu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na kulanti ni mojawapo. Hapo mpira, kulanti na bomba la chuma vinafanya kazi kama betri ndogo, na mpira unachanika kwa ndani karibu na bomba, palepale Fundi_Grogan alipokuambia ubane. Radi za hita (rejeta ndogo zilizo ndani ya hita) za alumini nazo hutobolewa hivyo hivyo.

Kupima ni dakika tano. Injini baridi, fungua kofia ya rejeta. Weka multimita kwenye volti za DC, skeli ndogo. Ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri ya gari, nyekundu itumbukie ndani ya kulanti bila kugusa chuma. Soma. Kisha mtu mwingine awashe kimoja kimoja: taa, feni ya hita, inveta ikiwa na mzigo, pampu ya maji ya jikoni. Chini ya volti 0.1 ni safi. Ikivuka 0.3, kuna tatizo. Kama imepanda ulipowasha inveta, fuata waya wa hasi wa inveta. Kama iko juu hata vyote vikiwa vimezimwa, kulanti yenyewe imechoka.

Ukibadilisha mipira na kuacha waya mbovu, mipira mipya itafuata njia ya ile ya zamani.

---

Kambi_Ngong

Asanteni sana. Nimepima jinsi Mama_Solar alivyoeleza. Vyote vimezimwa: 0.08. Taa na feni: 0.09. Inveta ikichemsha maji: 0.41. Nimekuta waya wa hasi wa inveta umefungwa kwa boliti ya mguu wa benchi, na benchi imepakwa rangi. Nimepata pa kuanzia.

Nimeingia pia chini ya gari. Mabomba mawili ya chuma yanayokwenda nyuma yana kutu. Moja lina kutu ya juujuu, lingine ukilikwaruza kwa bisibisi linabanduka maganda, hasa pale linapokaa kwenye klipu ya kulishikilia chasisi. Jirani ananiambia nitumie PPR, bomba la plastiki la mafundi bomba, kwamba haishiki kutu. Tundu la mabomba yote mawili ni la mpira wa 16.

---

Nduru_wa_Dizeli

PPR hapana. Ni bomba zuri la nyumba, lakini halikutengenezwa kukaa digrii 90 na zaidi saa nzima huku likitikiswa na barabara. Linalegea, linapinda katikati ya vishikizo, na mahali pa kuunganisha na mpira hapana ukingo wa kuushika. GI ya nyumba, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki, nayo usiiweke, inapata kutu kwa ndani na kutu yote inakwenda kuziba hita.

Bomba linalobanduka maganda usilifunge mpira mpya. Ncha yake ina mashimo madogo, na hakuna klipu itakayoziba mashimo. Una njia mbili. Ya kwanza, kata sehemu mbovu kwa msumeno wa bomba hadi ufikie chuma kizima, lainisha kwa msasa, kisha mwambie fundi wa rejeta akuinulie ukingo kwenye ncha. Bila ukingo huo mpira huchomoka siku ya moto mkali. Ya pili, ambayo kwa kutu ya kiasi hicho ndiyo ningeichagua, toa mabomba yote mawili na upitishe mpira mtupu kutoka mbele hadi nyuma.

Urefu upime kwa kamba ya manila. Ipitishe mahali halisi mpira utakapopita, pamoja na kona zote, kisha ongeza sentimita 30 kwa kila mpira. Tuseme umepata mita 3.5 kwenda na 3.5 kurudi, nunua mita 8. Mpira wa 16 hubeba kama mililita 200 kwa kila mita, kwa hiyo mita 7 ni lita 1.4. Andaa kulanti ukijua hivyo, usije ukakwama na lita moja pungufu Jumapili jioni.

Kupitisha ndiko kunakotofautisha kazi ya kudumu na kazi ya msimu mmoja. Kaa mbali na ekzosi angalau sentimita 10; pasipowezekana weka bati la kukinga joto katikati. Shikilia kila sentimita 30 hadi 40 kwa kishikizo cha chuma chenye mpira ndani. Zile tai za plastiki za kufungia waya zinakatika kwa joto, na zikikatika mpira unaning'inia hadi ukutane na shafti. Kila tundu la bati unapopita lazima liwe na mpira wa kukinga ukingo. Kwenye barabara ya mawimbi, bati tupu hufanya kazi ya msumeno. Pale mipira miwili inapogusana, pasua kipande cha mpira wa zamani kwa urefu na ukivishe mmoja wao kama koti.

Sasa ushauri wa kukata hita ya nyuma. Usiukubali kabla hujajua hita zako zimeunganishwaje. Kama mpira kutoka injini unagawanyika kwa jointi ya T, mmoja ukaenda mbele na mwingine nyuma, hita ya nyuma inaweza kufungwa na ya mbele isijue. Lakini kama maji hupita hita moja kisha nyingine, kuziba sehemu moja kunasimamisha mzunguko wote wa hita. Kuna injini ambazo mzunguko huo ndio unaoiletea thamostati (vali inayofunguka kwa joto) maji ya moto, na ukiuziba inachelewa kufunguka. Kwa mfumo wa aina hiyo unaunganisha kwa kitanzi, huzibi.

Yako inaonekana ni ya T, hakikisha kwa macho. Ikiwa ndivyo, weka koki mbili za boli za shaba, moja kwenye mpira wa kwenda na moja wa kurudi, karibu na mbele ambako mkono unafika bila kuingia uvunguni. Mpira wa nyuma ukipasuka ukiwa Loiyangalani, unafunga koki mbili, unajaza maji, unaendelea. Mtu ambaye gari lake ndilo nyumba yake asisafiri bila koki hizo. Na kama T zako ni za plastiki, badilisha leo ziwe za shaba. Plastiki ya umri huo hukatika mkononi ukivuta mpira.

---

Fundi_Grogan

Nakubaliana na Nduru. Nieleze kutoa na kuvisha, maana hapo ndipo hita nzima huharibiwa.

Injini ipoe kweli. Mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukiubana na bado ni mgumu, usiguse kofia. Gari likae kwenye stendi za chuma, jeki peke yake isikudanganye ulale chini yake. Kulanti ikinge kwenye beseni safi na upime lita zilizotoka. Usiimwage mtaroni: ina ladha tamu, mbwa huinywa, na inaua.

Mpira ulioshikamana na bomba la hita usiuvute wala kuuzungusha kwa plaisi. Mabomba ya hita ni membamba, yakipinda au kuchanika kule yalikochomelewa, umejinunulia hita mpya na kufungua dashibodi. Pasua mpira kwa wembe kwa urefu, kata juujuu bila kukwaruza chuma, ubandue kama ganda la ndizi. Ukoko mweupe uliobaki utoe kwa msasa laini ukizunguka bomba, si kwa urefu. Mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa maji.

Kabla ya kuvisha, suuza hita zote mbili kwa maji ya mferejini yenye nguvu ndogo. Anzia upande wa kurudi, kisha geuza, hadi maji yatoke meupe. Kama gari liliwahi kumwagiwa manjano ya jikoni kwenye rejeta ili kuziba tundu, hapa ndipo utaiona ikitoka. Unga ule unatafuta njia nyembamba, na njia nyembamba kuliko zote ziko ndani ya hita.

Kuvisha, lowesha kwa kulanti au maji ya sabuni. Grisi na oili zinaila EPDM. Mpira uingie sentimita 2.5 hadi 3, klipu ikae nyuma ya ukingo wa bomba, ikiacha kama milimita 4 za mpira nje. Klipu iliyokaa juu ya ukingo inateleza.

---

Pistoni_Nne

Swali dogo kwa Fundi. Klipu za kukaza kwa bisibisi au zile za springi za kiwandani? Mafundi wengi huzitupa za springi.

---

Fundi_Grogan

Wanazitupa bure. Ile jasho ya asubuhi ambayo mwenye mada ameieleza ni tabia ya klipu ya kukaza iliyowekwa juu ya mpira uliochoka. Usiku wa baridi chuma na mpira vinanywea, mpira uliobanwa miaka mingi haurudi, pengo linabaki. Mchana vinatanuka, pengo linafungwa. Klipu ya springi inafuata mpira unaponywea na unapotanuka, kwa hiyo inabana saa zote. Ukipata saizi sahihi na springi bado ina nguvu, tumia hiyo.

Ukitumia ya kukaza, chagua ile ambayo ukanda wake ni laini ndani, si yenye matundu. Yenye matundu inakata mpira, na ukiona mpira umeota vichwa kwenye matundu umeshakaza kupita kiasi. Kaza, endesha hadi injini ipate moto, acha ipoe usiku mzima, kisha kaza tena robo mzunguko. Hiyo robo ya siku ya pili watu wengi huiruka, na ndiyo inayowarudisha gereji.

---

Nduru_wa_Dizeli

Kujaza sasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji matupu yasiyo na presha huku huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Kinachokuokoa ni presha ya mfumo. Kofia ya rejeta ya presha ya bar 1.1 ikishika vizuri inasukuma kiwango hicho hadi karibu 118, na kulanti inaongeza kidogo tena. Mpira unaovuja hata jasho tu hauachi presha ijengeke vizuri, kwa hiyo ukipanda kutoka Mai Mahiu na mzigo, maji yanaweza kuchemka kwenye silinda hedi wakati geji bado inakupa moyo. Kofia ya zamani ibadilishe pamoja na mipira, ya namba ileile. Ukiweka ya namba kubwa zaidi unatafuta sehemu dhaifu inayofuata.

Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Maji ya kisima yana madini, yanaacha ukoko. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa: asidi ya betri hukaa rafu moja na hayo. Yako ni ya waridi, rudisha ya waridi. Usiipige mchanganyiko na ya kijani.

Hewa ndiyo shida ya hita ya nyuma, kwa sababu mipira mirefu hupanda na kushuka na hewa inakaa kwenye kila kilima. Paki pua ya gari ikiangalia juu kwenye mteremko. Koki zote mbili wazi. Vidhibiti vya hita, mbele na nyuma, kwenye moto wa mwisho. Jaza polepole, ukibana mipira kwa mkono, hadi mapovu yapungue. Washa injini kofia ikiwa wazi, iache kwenye silensa bila kukanyaga mafuta, ongeza kadiri inavyoshuka. Thamostati ikifunguka, digrii 82 hivi, kiwango kitazama ghafla: jaza, funga kofia. Shika mpira wa kwenda na wa kurudi kwenye hita ya nyuma. Yote miwili ikiwa moto karibu sawa, maji yanazunguka. Wa kwenda ukiwa moto na wa kurudi baridi, kuna hewa au hita imeziba. Sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi ni hewa, rudia kesho yake injini ikiwa baridi.

Angalia na kulanti iliyoingia ulinganishe na lita zilizotoka, jumlisha ile 1.4 ya mipira mirefu. Ikipungua lita nzima, hewa bado iko ndani hata kama geji imetulia, na usiondoke mjini.

---

Kambi_Ngong

Nimefuata. Mabomba yametoka yote mawili, mita 7 za mpira wa 16 zimeingia, koki mbili za shaba ziko nyuma ya kiti cha abiria. Ilitoka lita 7.5, imeingia 8.2, kwa hiyo kwa hesabu ya Nduru bado kuna kama robo tatu lita haijaingia. Waya wa inveta nimeurudisha moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Sasa kulanti inasoma 0.09 inveta ikiwa na mzigo.

Mpira wa kurudi wa hita ya nyuma ni vuguvugu tu.

---

Nduru_wa_Dizeli

Hiyo ni hewa, usitafute hita nyingine. Una koki, zitumie. Injini ikiwa na moto na kofia imefungwa, endesha injini mizunguko 2,000 kwa dakika gari likiwa limesimama, mwenzako afunge koki ya kurudi sekunde kumi, aifungue ghafla, mara nne au tano. Maji yanasukuma hewa kuelekea mbele. Usiku ipoe, asubuhi fungua kofia ujaze tena. Tarajia iingie hiyo robo tatu. Baada ya hapo shika mpira wa kurudi, na ukaze zile klipu robo mzunguko.

---

Mama_Solar

Na ukiwa bado chini ya benchi: inua kapeti na ubao wa sakafu karibu na hita. Jasho la muda mrefu hujificha kwenye sponji ya kuzuia joto, plaiwudi inaoza bila kuonekana. Ukisikia harufu tamu au kioo kikishika ukungu wenye utelezi ukiwasha hita, kulanti inavuja ndani, na hapo ni radi ya hita yenyewe, si mipira. Sponji iliyolowa kulanti haikauki. Kata, weka mpya, kabla hujarudisha ubao.

---

Kambi_Ngong

Imeingia mililita 700. Mipira yote miwili inachoma mkono. Sponji ya upande wa kushoto ilikuwa imelowa kiasi cha kiganja, nimeikata. Kwenye boksi la vifaa nimeweka mita moja ya mpira wa 16, jointi mbili za shaba, klipu sita na dumu la lita 5. Kama kuna kingine cha kubeba kwa safari ya Kinangop, niambieni kabla ya Ijumaa.

---

Fundi_Grogan

Wembe, tochi ya kichwa na bisibisi inayolingana na klipu zako. Na kofia ya rejeta ya akiba.